Je, ni kweli bahari ya Jambiani hukauka? Jibu kwa familia ya Mwanza inayokwenda Unguja mwezi wa Juni

Swali: "Tunaishi Mwanza na tunapanga kwenda Unguja mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili wa miaka 6 na 10, na mama yangu mzazi mwenye miaka 68 ambaye anatumia dawa za shinikizo la damu. Tumekwisha kulipia nusu ya gharama za nyumba huko Jambiani kwa siku tano. Sasa mwenzangu wa kazini aliyekwenda Paje mwaka jana ananiambia tumeingia mkenge, kwa sababu yeye aliamka asubuhi akakuta bahari imekauka, limebaki tope na majani, na watoto wake hawakuogelea. Anasema upande wa mashariki ni hasara, tuhamie Nungwi. Juu ya hayo, mama hataki kusikia habari ya boti. Alipoteza ndugu yake katika MV Bukoba na tangu siku hiyo hajapanda chombo chochote cha majini. Je, bahari hukauka kweli? Tuhame? Na mama tumfanyeje?"

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya yote mfikishie mama shikamoo yangu. Nitarudi kwake baadaye, kwa sababu jambo lake linastahili nafasi yake na si la kuunganishwa na habari za nyumba na pesa. Nianze na bahari, ambayo ndiyo iliyomponza mwenzako, na nadhani haikumponza kwa ubaya wa mahali bali kwa saa aliyoamkia.

Bahari ya Paje na Jambiani haikauki. Hupwa, kisha hujaa, mara mbili kila siku, na wahenga waliosema kwamba maji yakijaa hupwa walikuwa wakieleza jambo waliloliona kila siku mbele ya nyumba zao. Ninyi watu wa Mwanza mna haki ya kushangaa, kwa maana Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake, halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Jiwe lililoloa leo asubuhi ziwani litakuwa limeloa vilevile jioni, isipokuwa kama kuna mawimbi. Kwa hiyo mtu wa ziwani anapofika pwani huja na picha ya maji yanayokaa mahali pamoja, na akiyakosa huona kama ameibiwa.

Kinachotokea ni kwamba mwezi, na jua kwa kiasi kidogo, huivuta bahari, na dunia inapojizungusha kila pwani hupita katika sehemu ya maji yaliyoinuka na sehemu ya maji yaliyoshuka. Kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine ni saa kumi na mbili na dakika kama 25, na kwa kuwa mwezi nao unasogea, saa za maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvu. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo mbili huvutana pembeni na tofauti huwa ndogo. Hayo watu wa pwani huyaita maji mafu. Huko Unguja, siku za bamvu kali tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita 4, na siku za maji mafu hushuka hadi kama mita 1 au zaidi kidogo.

Mita 4 za kwenda chini si nyingi mahali ambapo ufuo unateremka ghafla. Lakini Jambiani kuna kitu kingine: mbali na ufuo kuna mwamba wa matumbawe uliolala sambamba na pwani, na kati ya mwamba huo na mchanga wa nyumbani kuna uwanda mpana wa maji ya kina kifupi, karibu bapa kama meza. Maji yakishuka mita 4 juu ya meza, meza nzima huachwa wazi, na unaona kilomita moja au zaidi ya mchanga, vidimbwi, majani ya bahari na ngalawa zilizolala ubavu. Kule Nungwi na Kendwa, kwenye ncha ya kaskazini, maji hushuka kiasi kilekile, ila chini yake kuna mteremko, kwa hiyo ukingo wa maji husogea hatua chache tu na mtu aliyeketi kitini hata hatambui. Ni bahari moja, na tofauti iko katika sakafu yake.

Sasa kuna jambo ambalo laiti mwenzako angeambiwa siku aliyolipia chumba. Saa za bamvu hazibahatishi. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na hupwa karibu na saa kumi jioni, tena hupwa kidogo tu. Mtu aliyefika Paje siku mbili baada ya mwezi mpevu, akanywa chai, akatoka nje saa tatu na nusu na watoto wenye mataulo mabegani, lazima ataona jangwa. Naamini hivyo ndivyo ilivyokuwa kwake. Kama angetulia hadi baada ya saa nane mchana angeona maji yakirudi, na saa kumi watoto wangeogelea mbele ya nyumba yao.

Huhitaji chombo chochote kujua siku hizo. Tazama tarehe za mwezi wa Kiislamu kwenye kalenda yoyote ya ukutani. Tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 ni bamvu. Tarehe 8 hadi 10 na tarehe 22 hadi 24 ni maji mafu. Siku zilizo katikati huwa katikati. Ukitaka uhakika zaidi, majedwali ya kujaa na kupwa yanapatikana kwenye simu. Tafuta la Zanzibar, utoe kimo cha maji kupwa katika kimo cha maji kujaa, na jibu likizidi mita 3 ujue ni bamvu. Hakikisha jedwali limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki. Yapo yanayofuata saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na kosa hilo moja linatosha kuharibu siku nzima.

Kwa hiyo, mhame au msihame? Nikiwa mkweli, kila upande una lake. Nungwi na Kendwa mtaogelea karibu saa yoyote, na mwezi wa Juni zina faida nyingine: upepo wa kusi, ambao wakati huo umekwisha kushika, huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo ufuo wa Kendwa unaotazama magharibi hukingwa na kisiwa chenyewe na maji yake hutulia. Jambiani inaupokea upepo huo usoni. Ndiyo sababu Paje hujaa wageni wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada, na ndiyo sababu majani ya bahari huletwa ufuoni kwa wingi. Majani hayo si uchafu wala si maji taka. Ni mimea iliyong'olewa na mawimbi, na mengine hukatika kutoka mashamba ya mwani. Hata hivyo, Nungwi pana watu wengi, boti nyingi hupita karibu na waogeleaji, na maji huwa na kina hatua chache tu kutoka ufuoni. Kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajui kuogelea, kina hicho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko tope la Jambiani. Pale Jambiani maji yanapokuwa yanajaa taratibu, mtoto anaweza kucheza katika maji ya magotini kwa muda mrefu, nawe ukawa umesimama karibu naye.

Maoni yangu ni kwamba msipoteze pesa mliyokwisha kulipa. Kama tarehe bado zinaweza kusogezwa, mwombe mwenye nyumba azisogeze ziangukie maji mafu, ili watoto waogelee asubuhi. Kama haziwezi kusogezwa na zimeangukia bamvu, badilisha ratiba: asubuhi mtembee juu ya uwanda, mchana mpumzike, kuanzia saa tisa mwingie majini. Na kama watoto wenu ni wale ambao likizo bila kuogelea asubuhi na jioni si likizo, basi kaeni Jambiani siku tatu na mbili za mwisho mwende Kendwa, mkikubali gharama ya gari na usumbufu wa kufungasha mara mbili.

Kutembea asubuhi juu ya uwanda wakati wa bamvu si jambo la kuwatuliza watoto tu. Hapo ndipo mtakapowakuta akina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara katika pwani hiyo mwaka 1989 na karibu chote kinabebwa na wanawake: vigingi vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na juu ya kamba vimefungwa vichipukizi vya mwani kimoja kimoja kwa vipande vya kamba nyembamba. Wanafanya kazi wakiwa wameinama, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, wakikimbizana na saa za bahari. Waambie watoto wasikanyage kamba wala wasizirukie, kwa maana kila kichipukizi kinachokatika ni mali ya mtu. Salimieni kwanza, kisha muulize. Wengi hufurahi kueleza, na msipige picha kabla ya kuomba ruhusa.

Hapo pana hatari moja ambayo wageni hawaijui, nami naomba uisome polepole. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta unaouona kwa mbele. Huanza kujaza mifereji na mabonde, na mara nyingi bonde liko karibu na ufuo, nyuma yako, wakati wewe umesimama kwenye mchanga mkavu karibu na mwamba ukitazama bahari iliyo mbele. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo, kama sentimita 30 hivi wakati wa bamvu, na mtu hudhani ana muda; katika saa ya tatu na ya nne hupanda karibu mita nzima kila saa. Mtoto wa miaka 6 ana kimo cha mita moja na ushee. Kwa hiyo kanuni yangu kwa familia ni hii: nendeni nje maji yakiwa bado yanakupwa, na ile saa iliyoandikwa kwenye jedwali kuwa ndiyo ya maji kupwa kabisa iwe saa ya kugeuka kurudi, si ya kuanza safari. Mkitaka kufika hadi kwenye mwamba wenyewe, msiende peke yenu. Chukueni mtu wa kijijini anayeijua njia.

Miguuni vaeni viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino, hata yeboyebo zenye mkanda wa nyuma zinafaa. Katika vidimbwi na penye mawe kuna mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo. Mtu akichomwa, msichimbue kwa sindano. Toeni ile inayoshikika, kisha mlowekeni mguu katika maji ya moto anayoweza kuyastahimili, mkiyapima kwanza kwa mkono wa mtu mzima. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu siku ya pili, nendeni kituo cha afya.

Sasa nije kwa mama. Hofu yake si ya kuchekwa wala ya kushindana nayo kwa takwimu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na waliozika ndugu zao hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote kuhusu vyombo vya majini. Naye huenda anajua kwamba bahari yetu pia ina majonzi yake: MV Spice Islander ilizama usiku kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi, na MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katikati ya msimu wa kusi, upepo ukiwa mkali. Sitamficha hayo. Ninachoweza kumwambia ni kwamba boti za kasi zinazobeba abiria leo kati ya Dar es Salaam na Unguja huvuka kwa takriban saa mbili, mchana, na kwamba mamlaka husimamisha safari bahari inapochafuka. Kama akichagua kutopanda, bado hajakosa chochote, kwani ndege ndogo huvuka kutoka Dar es Salaam kwa takriban dakika 20.

Ushauri wangu ni kwamba mama aende kwa ndege, na mmoja wenu afuatane naye. Wengine mnaweza kupanda boti. Akisema mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba anataka kujaribu, basi ajaribu wakati wa kwenda na si wakati wa kurudi. Sababu yake ni kusi tena: mkielekea Unguja, ambako ni kaskazini, mawimbi huja kutoka nyuma na kukisukuma chombo, mkirudi Dar es Salaam chombo huyapokea usoni na hugonga zaidi. Chagueni boti ya mapema asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaongezeka. Siku moja kabla sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, mzee wa shinikizo la damu na watoto wasubiri siku ya pili, hata kama boti inaondoka na tiketi imelipiwa. Nunueni tiketi kwenye dirisha la ofisi, mkiwa na vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na si kwa mtu wa getini. Mkiingia, ulizeni jaketi za kuokolea ziko wapi, na mtoto wa miaka 6 ajaribishiwe lake kabla chombo hakijaondoka.

Kulevywa na bahari ni jambo jingine ambalo watu hulidhania kuwa udhaifu wa tumbo. Chanzo chake kiko sikioni. Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji inayouarifu ubongo kwamba mwili unayumba. Macho nayo, yakiwa yanatazama kiti cha mbele au simu, yanauarifu kwamba kila kitu kimetulia. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, kichefuchefu huanza. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kukaa sehemu ya chini, katikati au karibu na nyuma ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, na kutazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Kuleni kitu chepesi, msipande na njaa wala na supu ya mafuta. Simu za watoto ziwekwe mkobani. Vidonge vya kuzuia kutapika hufanya kazi vikimezwa kama saa moja kabla ya safari, lakini mama asipewe kidonge chochote cha aina hiyo kabla daktari au mfamasia hajaona dawa anazotumia, kwa kuwa vipo vinavyoleta usingizi mzito na kuvuruga mapigo ya moyo.

Hapo ndipo siwezi kuchukua nafasi ya mtu atakayemwona kwa macho. Wiki mbili kabla ya safari mpelekeni mama kwenye kliniki yake, apimwe, na daktari aulizwe maswali mawili: je, shinikizo limetulia kiasi cha kusafiri, na je, miongoni mwa dawa zake kuna ya kupunguza maji mwilini? Mtu anayetumia dawa hiyo, akikaa katika joto la pwani na akatapika au kuharisha, huishiwa maji haraka na shinikizo likaporomoka. Dawa za siku zote za safari, na za siku tatu za ziada, zikae katika mkoba wa mkononi. Kama katika miezi ya karibuni amepata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, miguu kuvimba au dalili za kiharusi, safari isubiri hadi daktari aseme. Na mkiwa Jambiani mjue kwamba hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja iko mjini, mwendo wa gari wa takriban saa moja au zaidi; hivyo siku ya kwanza tu chukueni namba ya dereva ambaye anaweza kuja usiku.

Kuna neno la malaria, kwa sababu wengi huja na chandarua wakiiogopa Unguja. Maambukizi huko yameshushwa sana, hadi chini ya asilimia moja ya watu katika vipimo vya jamii, na ninyi mnaotoka kandokando ya ziwa ndio mnaoweza kuwa mmebeba vimelea. Tumieni chandarua hata hivyo, na yeyote akipata homa akiwa kisiwani au wiki chache baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo.

Mengine ni mepesi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, msifungashie nguo. Bandarini mtakutana na papasi watakaotaka kuwabebea mizigo na kuwatafutia gari; mkiwa mmekwisha kupanga gari, semeni asante na mwendelee. Vazi la kuogelea liishie ufuoni, na mkipita kijijini mjifunge kanga. Njiani kuelekea Jambiani simameni msitu wa Jozani, mama apate kuwaona kima punju bila kugusa maji.

Jioni ya kwanza, maji yakiwa yamejaa, mpe mtoto wa miaka 10 kijiti akichomeke mchangani pale wimbi la mwisho lilipofika, na mwandike saa. Kesho yake arudi kabla ya saa ileile na asubiri hadi maji yafike kimo chao cha juu. Ataona yamechelewa kwa karibu dakika 50, na kuanzia hapo atakuwa na uwezo wa kumwambia bibi yake ni saa ngapi za kukaa barazani na ni saa ngapi za kwenda kulowesha miguu.